Aliyeshindwa Usaili wa Kiti Chake Mwenyewe

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutusitiri: mimi ni dada mkubwa wa marehemu, muuguzi mstaafu. Kabla sijaanza, niseme jambo moja. Kampuni aliyoifanyia kazi marehemu ilituletea karatasi yenye nembo, imechapwa vizuri, ikaomba isomwe hapa kama wasifu wake. Nimeisoma mara mbili. Inasema marehemu alikuwa "rasilimali yenye thamani kubwa." Rasilimali ni mchanga, mbao na maji ya kisima. Huyu alikuwa mdogo wangu. Karatasi yao nimeikunja, iko mkobani, na wenyewe wako hapa, wakiitaka wataichukua. Mimi nitasoma ya kwetu.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1971, saa sita mchana, katika hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Baba yetu alikuwa dereva wa lori la takataka la manispaa. Mama yetu, aliyekaa pale mbele, alikuwa mshonaji wa sare za shule. Jina alilojulikana nalo mtaani, Kwanini, alipewa na baba akiwa na miaka minne, kwa sababu ambayo hakuna aliyewahi kuishi naye atakayeiuliza. Alikuwa na miaka tisa aliposimama juu ya meza ya mama, akakitazama kitambaa kilichotandazwa, akasema kinatosha mashati saba, si sita. Mama akamwambia ashuke. Hakushuka. Akachukua chaki, akapanga vipande upya, mikono huku, kola kule, na kweli, yakatoka mashati saba. Tatizo ni kwamba la saba mistari yake ililala badala ya kusimama. Mama alikasirika siku nzima. Baba akaliinua shati lile dirishani, akaligeuza, akasema, "Lakini ni shati." Kaka yetu mdogo ndiye aliyelivaa shuleni mwaka mzima, na hadi leo hajatusamehe.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya kiwanda cha sabuni, kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, kisha sekondari ya wasichana ya bweni, alikomaliza kidato cha sita mwaka 1990. Alijiunga na chuo kikuu mwaka 1991, akahitimu shahada ya hisabati mwaka 1995. Huko ndiko alikokutana na kompyuta. Ilikuwa moja, katika chumba kimoja, na ufunguo alikuwa nao katibu muhtasi wa idara, aliyekuwa akiondoka nao kwenda kula. Marehemu alijifunza kuandika programu kwa kalamu, kwenye daftari, akisubiri katibu arudi. Alikuwa akisema ndiyo sababu programu zake zilikuwa fupi: mkono ulikuwa unauma.

Alifundisha hisabati sekondari kwa miaka tisa, tangu 1995 hadi 2004. Wanafunzi wake nawaona hapa, wengine wana mvi kunizidi. Mwaka huo wa 2004 kampuni kubwa ya teknolojia ilifungua ofisi mjini kwetu, jengo la vioo la ghorofa tisa, nayo ikatangaza nafasi za wahandisi wa programu. Marehemu akaomba.

Sasa hapa mtanivumilia.

Usaili wa kwanza, Juni 2004, walimuuliza hivi: "Ungekuwa kitasa cha mlango, ungekuwa cha mlango gani?" Mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mwalimu wa hisabati, ameacha kipindi cha kidato cha nne ili aulizwe habari za vitasa. Akajibu, "Cha mlango wa kutokea." Wakamwandikia kwamba hana uzoefu. Uzoefu wa nini, hawakusema.

Usaili wa pili, Mei 2005, lifti ya jengo lao ilikwama kati ya ghorofa ya tano na ya sita, na yeye akiwa ndani. Alikaa humo dakika hamsini. Fundi wa lifti alipofungua mlango kwa nondo, alimkuta ameketi sakafuni, viatu kavivua, anaandika kwenye daftari. Fundi akamuuliza, "Dada, huogopi?" Akajibu, "Naogopa. Hii lifti ikipanda, kwanini inasimama ghorofa ambayo hakuna aliyebonyeza?" Fundi akakaa chini, miguu inaning'inia, akamweleza. Alipofika ghorofa ya nane walimwambia amechelewa, na kampuni haiajiri watu wasiojali muda. Fundi yule aliwaandikia barua yenye mhuri kwamba kosa ni la lifti. Walimjibu: "Barua yako imepokelewa." Hadi leo haijasomwa. Lakini kila baya lina jema lake: tarehe 12 Agosti 2006 marehemu aliolewa na fundi huyohuyo, shemeji yangu, ambaye sisi wote tunamwita Lifti. Karibu miaka kumi na minane ya ndoa yao sikumsikia shemeji akipandisha sauti, na Mungu ni shahidi, kuishi na Kwanini kulimpa sababu nyingi za kufanya hivyo.

Usaili wa tatu, mwaka uleule wa 2006, alishinda kila hatua, tano kwa ujumla. Wakampongeza, wakampa mkono, wakampigia picha ya kitambulisho. Wiki mbili baadaye wakamwarifu kwamba nafasi yenyewe haipo. Nilimwambia, "Mdogo wangu, acha hawa watu. Hawakutaki." Akasema, "Dada, si kwamba hawanitaki. Hawajui wanachotaka. Hayo ni mambo mawili." Nilitamani kumpiga.

Usaili wa nne ulikuwa tarehe 16 Agosti 2007, akiwa na mimba ya miezi saba na nusu. Walimsaili watu sita, mmoja baada ya mwingine, tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, bila chakula. Kila msaili alimtaka aandike ubaoni. Alipokuwa akisogea kuandika mstari wa juu, tumbo likawa linafuta wa chini. Msaili wa tano akamwambia, kwa uso mkavu kabisa, "Kazi yako haina mpangilio." Marehemu akamjibu, "Mpangilio upo, kaka. Anaufuta huyu." Wakamwajiri. Binti yake alizaliwa tarehe 2 Oktoba, naye akaripoti kazini Jumatatu, tarehe 7 Januari 2008.

Kazi aliyopewa ilikuwa kutengeneza mfumo wa kutuma ujumbe wa simu kwa niaba ya zahanati na hospitali: njoo uchukue majibu, chanjo ya mtoto ni kesho, dawa zako zinakwisha. Wengi wenu mmewahi kuupata ujumbe ule mkadhani unatoka kwa daktari. Ulitoka kwa Kwanini. Walianza wahandisi watatu. Wawili waliondoka, akabaki peke yake, akaubeba mfumo ule miaka kumi. Katika miaka hiyo alikuwa na mabosi kumi na mmoja, na cheo chake kilibadilishwa jina mara tisa, meza ikiwa ileile. Waliondoa viti, wakaleta mifuko mikubwa ya kukalia iliyojaa punje, ati watu wakae kwa uhuru. Ukikaa huinuki. Walikuwa na mkutano wa Jumatatu wa kupanga mkutano wa Jumatano. Nilimtembelea mara moja, nikaona chumba cha kioo kilichoandikwa ukutani kwa herufi kubwa: HAPA KILA SAUTI INASIKIKA. Mlango wake ulikuwa haufunguki bila kadi.

Mtoto wake wa pili, wa kiume, alizaliwa tarehe 19 Mei 2011. Marehemu aliitwa kazini kwa simu akiwa bado wodini. Nilikuwapo. Simu niliichukua mimi, na niliyoyasema hayafai kwenye wasifu.

Februari 2018 kampuni ilitangaza kujipanga upya. Kila mfanyakazi alitakiwa kufanya usaili wa nafasi aliyokuwa ameikalia. Marehemu alifanya wake tarehe 27 Februari, mbele ya watu watatu, mmoja wao mhandisi mgeni mwenye miezi miwili kazini. Mhandisi huyo aliuliza, karatasi ya majibu ikiwa mbele yake, "Mfumo wa ujumbe ukijaa kupita kiasi, unafanya nini?"

Marehemu akasema, "Unausimamisha ujumbe kwenye foleni. Nafasi ikipatikana, wa kwanza kuingia unatoka kwanza."

"Hapana," mhandisi akasema. "Unatupa ule wa zamani."

"Ulikuwa unatupa. Niliubadilisha mwaka 2013, maana wa zamani ndio wa mtu aliyesubiri zaidi."

"Lakini mwongozo unasema unatupa."

"Mwongozo huo niliuandika mimi, mwaka 2009. Juu ya ukurasa wa kwanza niliandika: umepitwa na wakati."

Mhandisi akaiangalia karatasi. Ukurasa wa kwanza haukuwapo. Aliyetoa nakala aliuruka. Akasema, kwa sauti ya chini, "Mimi nasahihisha kwa kufuata majibu niliyopewa."

Alipata alama arobaini na nne kwa mia. Barua ilisema, na hapa nanukuu kwa sababu niliikariri kwa hasira: "Hakuonyesha uelewa wa kutosha wa mfumo." Yaani mtu ameshindwa mtihani kuhusu mtoto aliyemzaa. Ijumaa, tarehe 9 Machi, alirudi nyumbani na boksi lenye sweta, kikombe na kamusi. Shemeji akateleka chai. Kwanini alikaa sebuleni, akanitazama, akasema, "Dada, nimefeli." Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na nililia kwa ghadhabu.

Ninayoyasema sasa niliyaona kwa macho yangu. Jumanne, tarehe 24 Aprili 2018, nilikuwa zamu kwenye kliniki ya watoto. Jumanne ni siku yetu ya chanjo, benchi hujaa hadi nje. Siku hiyo walikuja akina mama sita. Nikadhani mvua. Jumatano kliniki ya wagonjwa wa sukari ikawa hivyohivyo. Alhamisi akaja mama mmoja na mtoto wa miezi mitano, majibu ya damu ya mtoto yalikuwa tayari tangu Jumatatu, na yalikuwa majibu ya kukimbia nayo, si ya kukaa nayo kabatini. Nikamuuliza, "Mbona hukuja?" Akaniambia, "Nesi, sikuitwa."

Nilimpigia mdogo wangu. Akasikiliza. Akauliza swali moja tu: "Wanaokosa ni ambao ujumbe wao uliingizwa zamani, au karibuni?"

"Zamani," nikasema.

"Wameurudisha kwenye mwongozo wa 2009," akasema. "Wanautupa."

Aliipigia kampuni. Sauti ya mashine ikamwambia abonyeze moja kama ni mteja, mbili kama ni mwekezaji. Alipompata binadamu, binadamu akamwambia ajaze fomu, atajibiwa ndani ya siku kumi na nne. Akavaa viatu, akaenda. Mapokezi walimwambia jina lake halimo kwenye kompyuta. Mlinzi wa mlangoni, baba wa makamo aliyemfahamu kwa miaka kumi, akasema, "Huyu namfahamu kuliko hiyo kompyuta," akambandika karatasi ya mgeni kifuani, akapanda mwenyewe ghorofa ya nane kwa ngazi kumwita mtu. Aliyeshuka ni yule mhandisi mgeni, kakumbatia kompyuta ya mkononi, macho mekundu. Walikuwa wameshinda siku tatu wakitafuta kosa, na kosa lilikuwa kwenye karatasi ya majibu.

Marehemu hakuruhusiwa kupanda juu. Hakuruhusiwa hata kugusa kompyuta, kwa kuwa alikuwa mgeni. Basi aliketi kwenye ule mfuko wa punje pale mapokezi, amezama hadi mabegani, mikono mapajani, na mhandisi akapiga magoti sakafuni.

"Fungua," marehemu akamwambia. "Nisomee kwa sauti."

Mhandisi akasoma. Alipofika mahali fulani akarudi nyuma, akausoma mstari uleule tena.

"Umeona?"

"Nimeona, mama. Ni mimi niliyeurudisha. Baada ya usaili ule nilidhani… nilidhani wewe ndiye uliyekosea."

"Ulidhani kama ulivyofundishwa. Kwanini ulikubali bila kuujaribu?"

Marehemu hakumpa nafasi ya kulia. "Haya, nakala ya akiba ipo. Hawa ni watu, wanangoja. Andika nitakachokwambia."

Walifanya kazi kwa muda wa saa sita. Walirudisha ujumbe elfu arobaini na moja. Mmoja ulimfikia mwanamume aliyekuwa ameshakata tiketi ya safari ya miezi mitatu, dawa zake za moyo zikiwa zimebaki za siku mbili. Alikuja kliniki na begi lake la safari, akatusimulia. Mtoto wa yule mama alianza matibabu siku ileile niliyomwona, na leo yuko darasa la kwanza. Wengine walichelewa kufikiwa, na marehemu aliomba orodha yao, akawapigia simu mmoja mmoja kwa muda wa wiki mbili kuwaomba radhi. Nilimwambia, "Radhi ya nini? Wewe walikufukuza!" Akasema, "Wao hawajui hilo, dada. Wanajua hawakuitwa."

Kampuni ikamtaka arudi. Lakini utaratibu, wakasema, ni utaratibu: lazima aombe upya, na afanye usaili. Tulikaa kikao cha familia. Kaka alisema asiende. Mama alisema asiende. Mimi nilisema akienda nisimwone kwangu. Akaenda. Alipoulizwa ana swali lolote, akasema, "Nina sharti. Nitarudi, lakini kazi ya kusaili watu mnipe mimi." Sijui kama walikubali kwa aibu au kwa uchovu. Walikubali.

Alisimamia usaili wa kampuni ile tangu Julai 2018. Alifuta vitasa vya milango. Aliagiza kila anayesailiwa apewe chakula. Alikataza mtu kuuliza swali la kazi ambayo hajawahi kuifanya mwenyewe. Na aliweka kanuni ambayo wakubwa wake waliipigia kelele miaka sita: kila anayekataliwa apigiwe simu ndani ya siku kumi, na mtu mwenye mdomo, aambiwe kwanini. Nyingi za simu hizo alipiga yeye. Ofisi iliyobaki iliendelea kama ilivyo. Mabosi walibadilika, mifuko ya punje ipo, mkutano wa Jumatatu upo. Sitawadanganya kwamba aliitengeneza kampuni.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mdogo wangu alianza kukonda mwishoni mwa mwaka 2022. Mimi ni muuguzi, nina macho. Nilimwambia Desemba, nikamwambia Februari, nikamwambia Aprili. Kila mara alikuwa na watu wa kusaili. Mtu aliyeuliza kwanini maisha yake yote hakuuliza kwanini tumbo linamuuma. Tulipomfikisha hospitali ya rufaa, tarehe 21 Juni 2023, saratani ya ini ilikuwa imeshatangulia. Nimemkasirikia kwa hilo, bado nimemkasirika, na nasimama hapa mbele ya jeneza lake nikiwa nimemkasirika.

Aliugua karibu mwaka mzima. Shemeji Lifti alimuuguza kwa mikono yake. Wiki ya mwisho, asubuhi moja, nilimkuta kitandani na simu sikioni, sauti imekuwa kama uzi, anamweleza mtu aliyekataliwa kazi. Nikamnyang'anya. Akanitazama.

"Dada, leo ni siku ya kumi yake."

"Wewe unaumwa!"

"Yeye anangoja. Kungoja nakufahamu."

Nikamrudishia simu, nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi.

Alifariki dunia Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mitatu.

Nimalizie na la jana. Watu walipokuja nyumbani kutupa pole, nilisimama mlangoni na daftari la wageni. Waliojitaja kuwa wa kampuni walikuwa kumi na wanane, akiwamo yule mhandisi, ambaye sasa ndiye anayeushika mfumo wa ujumbe na ambaye amekesha nasi tangu msiba uanze. Lakini kulikuwa na kundi kubwa ambalo sikulielewa, watu wasiofahamiana. Nikamuuliza mama mmoja, mwalimu wa chuo cha ufundi, "Wewe ulikuwa unafanya naye kazi?"

"Hapana," akasema. "Alinikataa, mwaka 2021."

Nikamtazama wa nyuma yake. Naye akasema, "Hata mimi." Na wa nyuma yake pia. Niliwahesabu, Mungu wangu, walikuwa sitini na tatu, wengine wamesafiri siku nzima, kuja kumzika mtu aliyewanyima kazi. Yule mwalimu akanishika mkono. "Aliniambia hapana kwa dakika arobaini," akasema. "Nilikuwa nimekataliwa na kampuni saba, na zote hazikunijibu hata barua. Yeye alinieleza nilipokosea, akanieleza nilipopatia, akaniuliza nafundishaje. Nilipokata simu nilijua kazi yangu ni ipi."

Wamekaa kule nyuma, upande wa kushoto. Naomba wasimame tuwaone.

Marehemu ameacha mume, binti na kijana mmoja, mama mzazi, dada mmoja, kaka mmoja, mawifi wawili, shemeji wanne, wapwa watano, na hao waliosimama. Mungu amlaze mahali pema, na sisi tuliobaki atupe subira, kwa maana mimi yangu imekwisha.